Besi Inatikisa Mabati, Mbona Haisikiki?

Kuna swali ninaloulizwa karibu kila ninapoketi na wanakwaya au vijana wa bendi ndogo: "Tumechanga hela, tumenunua ampu ya wati 500, mbona besi bado haisikiki?" Wanaouliza wanajua kupiga. Mpigaji yuko ndani ya mdundo, mabati ya paa yanatetemeka, glasi za maji mezani kwa mgeni rasmi zinacheza, na bado aliyekaa safu ya tano hawezi kukuambia besi imepiga noti gani. Wakirudi dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, wanaambiwa waongeze wati. Wanachanga tena.

Nimepiga besi kanisani na harusini kwa miaka mingi, na ushauri huo niliufuata mpaka nikaunguza spika iliyokuwa mali ya kikundi. Fedha za kwaya ni fedha za watu waliojinyima, kwa hiyo suala hili siwezi kulichukulia kijuujuu. Kabla hazijachangwa nyingine, ni vizuri tujue sauti ya besi inatoka wapi, inapotelea wapi, na ni kifaa kipi kinachostahili kununuliwa kwanza.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko imo humo. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, na ukizihesabu kutoka nene kwenda nyembamba ni E, A, D na G. Ni noti zilezile za nyuzi nne nene za gitaa la solo, ila zimeshuka oktava nzima. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, ambazo hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme mdogo mno. Umeme huo hupita kwenye waya hadi kwenye ampu. Ampu ina kazi mbili: kwanza kuitengeneza sauti kwa vile vifundo vya besi, kati na trebo, kisha kuipa nguvu ya kusukuma spika. Boksi lenye spika ni kabineti. Ampu na spika zikiwa ndani ya boksi moja, hiyo ni kombo. Mitambo ni ile mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti zote, na spika kubwa zinazotazama watu, chini ya mikono ya fundi mitambo. Na hezi ni hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja: kitu kikitikisika mara 100 kwa sekunde, hiyo ni hezi 100.

Uzi wa E ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano ina uzi wa B ulio chini zaidi, karibu hezi 31. Sikio la binadamu mwenye afya huanza kusikia kwenye hezi 20 hivi, kwa hiyo besi inaishi karibu kabisa na sakafu ya uwezo wetu wa kusikia.

Simu yako inajua siri hii

Chukua simu yako, cheza wimbo wowote wa dansi au wa injili wenye besi unayoifahamu. Sikiliza kwa kipaza cha simu chenyewe, bila spika ya nje. Utaweza kuufuata mstari wa besi, hata kuuimba kwa mdomo. Lakini kile kipaza, kidogo kama ukucha, hakiwezi kabisa kutoa hezi 41. Sasa unasikia nini?

Uzi unapotikisika hautoi sauti moja. Hutoa sauti ya msingi, na juu yake kundi la sauti nyingine zinazoandamana nayo, ambazo ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi. Ukipiga E ya hezi 41, unapata pia 82, 124, 165 na kuendelea. Ubongo ukizisikia hizo za juu huitambua ile ya chini hata kama haipo, kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi na mwendo wa kandambili kabla hujamwona sura. Hivyo ndivyo simu inavyokupa besi isiyoweza kuitoa.

Mambo mengine yote katika makala haya yanategemea hapo. Kile kinachotikisa mabati ni sauti ya chini kabisa. Kile kinachomwambia msikilizaji kwamba besi imepiga E, kisha A, kisha imepanda, kiko juu zaidi, kuanzia kama hezi 80 na kuendelea hadi 1,000, na utamu wa vidole kugusa nyuzi uko juu ya hapo. Ukiwa na mtikisiko bila zile za juu, watu watakuhisi kifuani bila kukusikia.

Na hapa ndipo kosa kubwa hutendeka, kwa nia njema kabisa. Mpigaji hajisikii. Anageuka, anaongeza kifundo cha besi. Ukumbi unavuma zaidi, noti zinazidi kufichika, anaongeza tena. Wengine hupunguza sauti ya kati hadi mwisho, besi juu, trebo juu. Nyumbani, ukiwa peke yako chumbani, sauti hiyo ni nzuri kweli, nene chini na inayong'aa juu. Mbele ya bendi inazama. Kule chini kiki ya drams, ile ngoma kubwa ya mguu, imeshatawala, kule juu sahani za drams na rizimu zimejaa, na pale katikati, ambapo besi ilikuwa na nafasi yake, umejiondoa mwenyewe.

Fanya kinyume. Weka vifundo vyote katikati, vikielekea juu kama mshale wa saa sita kamili. Pigeni wimbo mzima, bendi yote. Ukiona besi imepotea, usiguse kifundo cha besi. Ongeza kati kidogo, na ampu ikiwa na uchaguzi wa masafa, jaribu kati ya hezi 250 na 800. Ukumbi ukivuma, punguza besi. Ukiwa peke yako sauti hiyo itakuonekea kavu, hata mbaya kidogo, na wapigaji wengi huogopa hapo wakarudi walikotoka. Ivumilie mpaka wengine waingie. Sauti ya chombo kimoja katika bendi haipimwi ikiwa pekee, kama vile chumvi haipimwi kwa kuilamba kijikoni bali ndani ya mchuzi.

Wasikilizaji wa benga wanalijua hili kwa masikio hata kama hawajawahi kulisemea. Besi ya benga inatembea, inajibizana na gitaa la solo, inaruka kutoka chini hadi juu. Ingekuwa ni mvumo mtupu, mazungumzo hayo yasingekuwepo. Sebene ya Kikongo ni hivyohivyo: utamu wa besi uko kwenye noti fupi na mapengo kati yake, na pengo halisikiki ikiwa noti iliyotangulia bado inavuma ukutani.

Wati: hesabu ambayo duka haliko tayari kukufanyia

Wati ni kipimo cha nguvu za umeme ampu inazoweza kupeleka kwenye spika. Si kipimo cha ukubwa wa sauti. Sikio letu halihesabu kama kikokotoo.

Fikiria kwaya. Mwimbaji mmoja anaimba. Akija wa pili mwenye sauti sawa, nguvu imekuwa maradufu, lakini je, unasikia sauti mara mbili? Unasikia imeongezeka kidogo, basi. Ili masikio yako yaseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji waimbaji kama 10. Ampu ni vilevile. Kutoka wati 250 hadi 500 unapata ongezeko la desibeli 3 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi kinachosikika bila kumshtua mtu. Ili sauti ionekane mara mbili ya wati 50 unahitaji wati 500. Kwa hiyo kikundi kinachouza ampu ya wati 300 ili kinunue ya 500 kinanunua tofauti ndogo kwa fedha nyingi.

Spika, kwa upande wake, inaweza kukupa tofauti kubwa bila wati hata moja ya ziada. Kabineti nzuri huandikwa kiwango chake cha desibeli, kinachopimwa kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Ikiwa moja imeandikwa 93 na nyingine 99, tofauti ni desibeli 6, na desibeli 6 ni sawa na nguvu mara nne. Ampu ya wati 100 kwenye kabineti ya pili itatoa sauti sawa na ampu ya wati 400 kwenye ya kwanza. Muuzaji atakuonyesha wati zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa. Wewe geuza boksi utafute zile desibeli.

Kuna na jambo la namba za ajabu. Sabufa za nyumbani tumezizoea, zimeandikwa wati 5,000 au 10,000 za PMPO, na zinachomekwa kwenye soketi ileile ya pasi. Hesabu yake haiwezekani: soketi ya kawaida ya volti 230 na ampea 13 haiwezi kutoa hata wati 3,000. PMPO ni namba ya matangazo, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo ampu inaweza kuitoa kwa muda mrefu bila kuchoka. Ikiwa kifaa hakijaandikwa RMS, kichukulie kwamba hakijasema kitu.

Hata hivyo, wanaosema besi inahitaji wati nyingi kuliko solo hawakukosea. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo jambo ambalo kila fundi mitambo analiishi: sikio ni zito kusikia sauti za chini. Ili noti ya hezi 50 ionekane sawa na ya hezi 1,000, lazima isukumwe kwa nguvu nyingi zaidi. Ndiyo sababu mpiga solo mwenye ampu ya wati 30 anaweza kumfunika mpiga besi mwenye 100. Kwa maoni yangu, mazoezi ya nyumbani yanatoshelezwa na wati 20 au 30. Ukipiga na drams bila mitambo, wati 200 hadi 300 halisi kwenye kabineti nzuri ndiyo saizi ya kazi. Na ukiwa na mitambo inayobeba besi kwenda kwa watu, ampu yako ni ya kujisikilizia tu, hata 100 inatosha.

Sasa unganisha hili na vile vifundo. Ukiongeza kifundo cha besi kwa desibeli 10, umeiagiza ampu itoe nguvu mara kumi kwa noti hizo. Ampu nyingi zinaruhusu kuongeza hata zaidi ya hapo. Hivyo ndivyo nilivyounguza ile spika. Tulikuwa harusini, ukumbi mkubwa, wati zilikuwa za kutosha. Nikapandisha besi hadi mwisho kwa sababu sikujisikia, ampu ikaishiwa nguvu kwenye noti za chini, ikaanza kukoroma, nami nikadhani mkoromo ule ni uzito. Kabla keki haijakatwa, spika ikanyamaza. Koili yake, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, ilikuwa imeungua. Laiti ningepunguza kifundo hicho na kuongeza kati, ningesikika kwa nusu ya nguvu zile.

Wengi hupenda kusema ampu ndogo ndiyo inayounguza spika. Udogo wenyewe hauunguzi kitu. Spika huungua inapopewa nguvu inayozidi uwezo wake, au hupasuka inapolazimishwa kusogea mbele na nyuma kupita kiasi. Ampu ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho na kukoroma muda wote inaweza kutoa nguvu karibu mara mbili ya iliyoandikiwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkoromo ndio onyo. Ukiusikia nawe hukuutaka, punguza.

Hii pia ni sababu ya kutochomeka besi kwenye ampu ya gitaa la solo na kuifungua. Kwa sauti ya chini ya mazoezi haina shida. Lakini spika ya solo haikutengenezwa kusogea umbali ambao hezi 41 inaudai, na itachanika bila kukupa muda wa kuaga.

Omu na mabomba

Omu ni upinzani ambao spika inauweka mbele ya umeme. Fikiria tangi la maji lenye bomba moja. Ukifungua bomba la pili lenye upana sawa kando yake, maji yanatoka mara mbili. Kabineti ni hivyo. Moja ya omu 8 ni bomba moja. Mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, kama zinavyoungwa kwa kawaida, zinakuwa omu 4, umeme unatoka zaidi, na ampu inafanya kazi zaidi. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2.

Nyuma ya ampu huandikwa kiwango cha chini inachokihimili, mara nyingi omu 4. Ukiipa omu 2, tangi linakauka: ampu inapata moto, inajizima au inakufa. Kwa hiyo mlima wa kabineti nne zilizorundikwa jukwaani unaweza kuwa ndio unaoimaliza ampu yenu. Na waya unaotoka kwenye ampu kwenda kabineti uwe waya wa spika, mnene. Waya wa gitaa unafanana nao kwa jeki, lakini ndani yake ni mwembamba na utapata moto.

Inchi na mahali pa kuiweka

Imani kwamba spika ya inchi 15 ina besi kuliko ya inchi 10 imeenea kila mahali, nayo ni nusu ya kweli. Kinachohesabika ni jumla ya hewa inayosukumwa, na jinsi boksi lilivyopimwa. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa ampu yake ya SVT mwaka 1969, yenye wati 300, iliiundia kabineti zenye spika nane za inchi 10 kila moja. Nane za inchi 10 zina eneo kubwa kuliko tatu za inchi 15. Kabineti za aina hiyo zimesimama nyuma ya wapiga besi wa majukwaa makubwa ya dunia kwa zaidi ya miaka 50, na hakuna aliyelalamika kwamba ni nyembamba. Spika moja ya inchi 15 kwenye boksi dogo lililotengenezwa vibaya itavuma kwenye noti mbili tatu na kuzisahau zilizobaki.

Nikuambie jambo la bure kabisa. Ampu ikiwa sakafuni, sauti zake za kati na za juu zinapiga magotini mwako. Sauti za chini husambaa kila upande, lakini za juu huenda mbele kama mwanga wa tochi. Wewe uliyesimama mita moja mbele yake unapata mvumo peke yake, unadhani hujisikii, unaongeza, na mtu wa safu ya tatu anapigwa usoni. Iinue juu ya benchi au kiti imara, au iegemeze nyuma ili itazame masikio yako. Nimeona ugomvi wa miezi kati ya mpiga besi na mwalimu wa kwaya ukiisha kwa kiti kimoja cha plastiki kilichowekewa ubao.

Watu wengine hueleza hali hiyo kwa kusema eti wimbi la besi ni refu, linahitaji mita nyingi kabla halijakamilika, kwa hiyo karibu huwezi kulisikia. Ni kweli wimbi la E lina urefu wa zaidi ya mita 8. Lakini kama lingehitaji umbali huo ili lisikike, hakuna mtu angesikia besi kwenye vipaza vya masikioni, ambavyo viko milimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio. Urefu wa wimbi una athari yake mahali pengine, ndani ya ukumbi. Mawimbi hayo makubwa hugonga kuta, yakarudi na kukutana yenyewe. Yanapojumlishana noti inavimba, yanapofutana noti inatoweka. Ndiyo maana katika ukumbi uleule, aliyekaa karibu na ukuta wa nyuma analalamika besi imezidi na aliye katikati anaulizia besi iko wapi, na wote wawili wanasema kweli.

Kona ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuweka ampu ikiwa ukumbi unavuma, maana kuta mbili na sakafu huikuza sauti ya chini. Na ni mahali pazuri ikiwa ampu ni dhaifu, kwa sababu hiyohiyo. Mpe mwenzako gitaa, apige mstari uleule, nawe utembee ukumbi mzima kabla watu hawajaingia. Dakika tano zinatosha. Kumbuka tu kwamba watu wakijaa, miili na nguo zao zitameza sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo besi iliyokuwa sawa ukumbi ukiwa mtupu itaelekea kuvuma.

Kisanduku ambacho hakuna anayekichangia

Kikundi kikiwa na mitambo, kifaa ninachokipigania kila mara ni DI. Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya gitaa na mikisa. Pikapu ya besi isiyo na betri hutoa umeme dhaifu. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mikisa, ni kama kumtwisha mtoto ndoo ya lita 20: atafika, lakini nusu ya maji imemwagika. Sauti inakuwa nzito, imekufa, haina ncha. Waya wa gitaa ukivutwa mita 20 hadi kwa fundi mitambo, hali inazidi, na mingurumo ya umeme inaingia njiani. DI humpokea yule mtoto ndoo mlangoni. Inaipokea sauti bila kuilemea pikapu, kisha inaituma kwa waya wa maikrofoni, ambao umeundwa kufuta mingurumo inayookotwa njiani. Ampu nyingi za kisasa tayari zina tundu la DI nyuma, na ni jambo la kusikitisha kuona kikundi kimeimiliki miaka mitano bila mtu kulitumia.

DI za aina ya aktivu zinahitaji umeme, wa betri au wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Zikinyamaza, angalia hapo kwanza.

Kuhusu ule mngurumo wa umeme: kwetu umeme wa nyumbani hutikisika mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya tatu (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya uzi wa E iko hezi 49. Mngurumo umekaa juu kabisa ya chombo chako, na kuupunguza kwa vifundo ni kujipunguza mwenyewe. Chanzo mara nyingi ni soketi zisizo na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, au besi na mikisa kupata umeme kutoka soketi mbalimbali. Chomeka vyote kwenye mkondo mmoja. Kamwe usikate au kuruka waya wa ethi ili mngurumo uishe. Mikono yako imeshika nyuzi za chuma na midomo yako inagusa maikrofoni ya chuma. Kukiwa na hitilafu, njia ya umeme ni wewe. Mwite fundi umeme.

Kabla ya umeme kuna vidole

Gitaa la besi la umeme lenyewe lilizaliwa kutokana na malalamiko haya ya kutosikika. Kabla yake kulikuwa na besi kubwa la kusimama, ambalo bado utaliona kwenye vikundi vya taarabu Zanzibar. Lilikuwa zito kubeba, na magitaa ya umeme yalipoingia likafunikwa. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akaanza kuuza Precision Bass, iliyoitwa hivyo kwa sababu freti zake zilimwezesha mpigaji kushika noti bila kubahatisha.

Chombo hichohicho ndicho James Jamerson alichokipigia besi za Motown, kampuni ya kurekodi muziki huko Detroit, Marekani, miaka ya 1960. Studioni alichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, bila kabineti ya kutikisa kuta. Alipiga kwa kidole kimoja, kile cha shahada, na nyuzi bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha. Besi hizo zilisikika vizuri kwenye redio ndogo za magari, na hadi leo zinasikika kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya kati, yenye mwanzo na mwisho.

Ukigusa nyuzi karibu na shingo, sauti ni nene na laini. Ukisogea karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, inakaza na kuwa na ncha. Kusogeza mkono inchi mbili kunabadilisha mengi kuliko vifundo vingi. Kuzima nyuzi ambazo huzipigi, kwa kiganja au vidole vilivyobaki, kunaondoa nusu ya uchafu ambao watu huupa ampu lawama. Nyuzi nazo zina aina zake: za mizunguko, ambazo ukizipapasa zinakwaruza, hutoa sauti inayong'aa; bapa, zilizo laini, hutoa sauti ya mviringo inayokaa vizuri kwenye rumba na nyimbo za kale. Seti ya besi ni ghali, na wazee wetu wamezoea kuzichemsha nyuzi zilizochoka. Inasaidia kweli, maana mafuta na uchafu wa vidole hutoka kwenye mizunguko, mng'ao ukarudi kwa siku kadhaa. Zikaushe vizuri kabla ya kuzirudisha, la sivyo zitashika kutu.

Besi yenye betri ya volti 9 ndani yake haina ubora wa kuzaliwa nao kuliko isiyo nayo. Inakupa sauti yenye nguvu zaidi na vifundo zaidi, basi. Ila ujue kwamba kwenye nyingi kati ya hizo, kuchomeka jeki ndiko kuwasha. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha baada ya mazoezi, Jumapili asubuhi betri imekwisha na sauti inakwaruza katikati ya wimbo wa kwanza, na kuna mtu atasema ampu imekufa.

Mkiniuliza mchangie nini kwanza, nitasema: fundi wa kuliweka gitaa sawa, ili nyuzi zisiwe juu mno na noti zisipotoke zikipanda. Kisha nyuzi mpya na waya mzuri. Kisha DI, kama mitambo ipo. Kabineti yenye desibeli za kueleweka ndiyo ifuate, na wati zije mwisho. Hatua tatu za mwanzo kwa pamoja hazifikii bei ya ampu mpya.

Ile kwaya yenye ampu ya wati 500 nilikwenda kuisikiliza Jumamosi moja kwenye mazoezi. Ilikuwa sakafuni, konani, kifundo cha besi kimefika mwisho na cha kati kimefungwa. Tukaitoa konani, tukaipandisha kwenye benchi, vifundo vyote saa sita, besi ikashushwa chini kidogo ya hapo. Kijana akapiga mstari wake, na mama mmoja wa sauti ya kwanza aliyekuwa amekaa nyuma akaanza kuuimba. Alikuwa ameimba wimbo huo mwaka mzima, akasema hakujua kwamba besi hupanda pale kwenye kiitikio.